MWAKA MMOJA NA DAMU YA WATU
Wafanyakazi watatu wa maabara waeleza mwaka wa utafiti wa magonjwa ya damu

Katika mkutano wa tawi letu tuliombwa tuandike habari za mwaka tulioukaa masomoni katika Afrika ya Kusini. Tuliombwa hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wengi wa maabara wanauliza namna ya kwenda. Ya pili, yapo maneno yanayozunguka kazini kwamba tulikwenda kutembea, tukarudi na karatasi isiyo na maana. Basi tumeona afadhali tuseme yote, mazuri na mabaya, kila mtu apime mwenyewe.

Sisi ni watatu, wafanyakazi wa maabara katika hospitali moja ya mashariki mwa Uganda. Wawili wetu ni wanawake na mmoja ni mwanamume. Kila mmoja alikuwa na shahada ya kwanza ya miaka mitatu, na kila mmoja alikuwa amekwisha kukaa kazini miaka mingi akitazama damu za watu kwenye darubini. Majina yetu hatuyaweki hapa, kwa kuwa yaliyotupata yanaweza kumpata mfanyakazi yeyote.

JINA LENYEWE

Mwaka huu wa masomo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya heshima, na wenyewe huko hutamka "onazi". Tulipoleta barua za kukubaliwa, mzee mmoja wa idara yetu alicheka sana. Alidhani tumepewa shahada ya heshima, ile wanayovishwa marais na matajiri bila kufanya mtihani. Yafaa ieleweke kwamba sivyo hata kidogo. Onazi ni mwaka mmoja wa kazi ngumu baada ya shahada ya kwanza.

Katika mpango wa elimu wa Afrika ya Kusini, shahada ya kwanza ya miaka mitatu huwekwa katika daraja la 7, na onazi daraja la 8. Mtu hawezi kwa kawaida kuingia shahada ya uzamili bila kufika daraja la 8. Ndiyo maana wengi wanaotoka Afrika ya Mashariki na shahada ya miaka mitatu hushtuka wakiambiwa warudi nyuma hatua moja. Nasi tulishtuka. Mmoja wetu alikuwa ameomba uzamili moja kwa moja, akajibiwa aanze na onazi.

Masomo yenyewe huhesabiwa kwa alama za muda. Onazi haina budi kuwa na alama zisizopungua 120, na kila alama moja ni saa 10 za kazi, yaani jumla ya saa 1,200. Katika hizo, alama zisizopungua 30 lazima ziwe za utafiti. Katika magonjwa ya damu, sehemu hiyo ndiyo inayomeza mwaka. Tulianza Februari na tulikabidhi tasnifu Novemba. Jumamosi nyingi tulizipitisha maabara, maana damu haijui siku ya mapumziko. Sampuli iliyotolewa Ijumaa haikungoji mpaka Jumatatu.

KWA NINI SELIMUNDU

Tulichagua ugonjwa wa selimundu, ambao watu wengi huuita siko seli. Hatukuchagua kwa ajili ya kujipatia sifa. Ni ugonjwa tunaoupokea kila wiki kazini kwetu, mama akiwa amembeba mtoto mwenye macho ya manjano na vidole vilivyovimba.

Kwa wasioujua, asili yake ni hii. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, ambayo ndiyo inayochukua hewa ya oksijeni na kuipeleka mwilini. Mtoto akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, himoglobini yake hushikana ikaunda nyuzi pale oksijeni inapopungua, na chembe iliyokuwa duara hujikunja kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena hazidumu. Chembe nzima huishi siku kama 120, lakini ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo mtoto huyo hana damu ya kutosha sikuzote. Kasoro yote hiyo inatokana na kiungo kimoja tu cha protini kilichobadilika, jambo lililoonyeshwa na Vernon Ingram huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957.

Uganda ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza namna jeni hiyo ilivyotapakaa miongoni mwa watu wa Uganda. Mwaka 1954 Anthony Allison alieleza kwamba mwenye jeni moja tu, asiye mgonjwa, hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni hiyo imebaki kwa wingi katika nchi za mbu. Halafu mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi wa nchi nzima, uliopima matone makavu ya damu za watoto zaidi ya 97,000. Katika kila watoto 100, zaidi kidogo ya 13 walikuwa na jeni moja, na karibu watoto 7 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Ndugu wanachama, matone hayo hayakujipima yenyewe. Yalipimwa na watu wa maabara kama sisi.

KAZI YA KILA SIKU

Mtu asidhani kwamba utafiti ni kuvaa koti jeupe na kugundua dawa. Miezi miwili ya kwanza tulisoma tu. Tulisoma maandishi ya wengine, tukaandika muhtasari wake, tukasahihishwa, tukaandika tena. Baadaye tuliandika pendekezo la utafiti, likapelekwa mbele ya kamati ya maadili, kwa sababu hakuna ruhusa ya kugusa damu ya mtu kwa utafiti bila kamati hiyo kukubali na bila mwenye damu, au mzazi wake, kutia sahihi hati ya ridhaa. Kamati iliturudishia karatasi mara mbili. Wakati ule tuliona ni usumbufu. Leo hatuoni hivyo.

Kila mmoja alikuwa na swali lake, lakini damu ilikuwa moja. Wa kwanza alipima himoglobini ya uchanga, yaani ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni na ambayo hupungua baada ya kuzaliwa. Tangu mwaka 1948 Janet Watson alikwisha kuona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui mwanzoni kwa sababu bado wanayo himoglobini hiyo. Anayebaki nayo nyingi huumwa kidogo. Dawa ya haidroksiyurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuiongeza. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda waliotumia dawa hiyo walipata nafuu, na kituo cha Uganda kilikuwa Mbale, si mbali na kwetu. Wa pili alihesabu chembe changa na chembe zilizojikunja. Wa tatu alitafuta katika DNA kasoro nyingine ya urithi, iitwayo thalasemia ya alfa, ambayo ikikutana na selimundu hubadilisha hali ya mgonjwa.

Asubuhi tulipokea tyubu zenye kifuniko cha zambarau, ambazo zina dawa ya kuzuia damu isigande. Tulizipa namba badala ya jina, tukapima, tukagawa, tukaweka nyingine kwenye jokofu. Mara tatu umeme ulikatika kwa zamu na jenereta ikachelewa. Mmoja wetu alilala maabara kwenye kiti akilinda jokofu. Hakuna aliyemlipa kwa usiku ule, wala haumo katika zile saa 1,200.

MAMA WA BUKAVU

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hatukulitarajia. Selimundu si ugonjwa wa asili wa watu wengi wa Afrika ya Kusini, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ile haina malaria. Watoto wengi tuliowakuta kliniki walikuwa wa wazazi waliohamia kutoka Kongo na nchi nyingine. Wengi wa akina mama waliotoka mashariki ya Kongo hawakujua Kiingereza vizuri, bali walijua Kiswahili.

Siku ya kwanza muuguzi alisimama mlangoni akauliza kama kuna anayejua lugha ile. Tukainua mikono. Tangu siku hiyo tukawa wakalimani. Tuliitwa kueleza hati za ridhaa, tukaitwa kueleza dozi, tukaitwa hata kwa wagonjwa ambao si wa utafiti wetu. Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba, haikulipwa, na haikuandikwa popote. Tuliifanya kwa sababu haiwezekani kumtazama mama wa watu akitia sahihi karatasi asiyoielewa.

Mama mmoja wa Bukavu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Munakamataka damu ya mutoto wangu kila mara. Na jibu yake, mimi siionaka. Inaendaka wapi?"

Tulinyamaza. Hati ya kurasa nne ilieleza kila kitu, ila swali hilo halikuwamo. Tulimwambia kweli: "Mama, damu hii tunaipima ili kujua kwa nini wengine wanaumwa sana na wengine kidogo. Kwa mtoto wako peke yake huenda isilete faida leo. Lakini kipimo chochote kinachomhusu tutampa daktari wake, na tutamwomba akueleze." Akatutazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi mufanye, dada. Lakini musinisahau," akatia sahihi.

MCHORO ULIOKATAA

Mwezi wa Agosti tulitoa maelezo mbele ya walimu. Mchoro wa mwenzetu wa kwanza ulikuwa mzuri. Ulionyesha kwamba watoto wenye himoglobini ya uchanga kidogo ndio wenye matatizo makubwa zaidi. Tulipongezwa. Msimamizi wetu alianza kuzungumza habari ya kuchapisha.

Wiki mbili baadaye mwenzetu aliketi kutazama upya karatasi za mashine, moja baada ya moja. Akaona jambo. Mtoto wa selimundu kamili hawezi kutengeneza himoglobini ya kawaida, ile ya watu wazima wasio na kasoro. Lakini katika karatasi kadhaa ilikuwamo, tena si kidogo. Kwanza tukadhani mashine imeharibika. Tukaisafisha, tukarudia, jibu likawa lile lile. Ikawa hapana budi kwamba himoglobini ile ilitoka kwa mtu mwingine, yaani watoto hao waliongezewa damu karibuni. Damu ya mchangiaji huendelea kuonekana kwa wiki nyingi, na huipunguza himoglobini ya uchanga katika kipimo. Na nani anayeongezewa damu? Ni mtoto aliyezidiwa. Kwa hiyo mchoro wetu mzuri ulikuwa unajizunguka wenyewe. Watoto wale hawakuumwa kwa sababu ya kipimo kidogo, bali kipimo kilishuka kwa sababu walikuwa wameumwa na kutiwa damu.

Lakini fomu za kliniki zilisema hawakuongezewa. Tulizitafuta zote. Penye swali la kuongezewa damu pameandikwa "hapana". Ndipo mmoja wetu akauliza, "Fomu hizi zilijazwa na nani, na kwa lugha gani?" Zilijazwa kwa Kiingereza, kabla sisi hatujafika kliniki.

Tulianza kuwauliza wazazi upya, mmoja mmoja. Mama wa Bukavu hakufikiri hata kidogo. "Walimutia damu, ndiyo. Mwezi ule, kule hospitali ingine. Tulilala siku tano. Hawakuniuliza hapa." Mwisho wa hesabu tulikuta sampuli tisa za namna hiyo.

Jioni ile tulikuwa na maneno makali baina yetu. Ilikuwa Septemba, tasnifu inatakiwa Novemba, na tulikuwa tumeacha mishahara na watoto nyumbani. Mmoja wetu, hatumtaji, alisema: "Mtahini wa nje atasoma fomu, na fomu zinasema hapana. Nani atajua?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na deni la ada. Mwingine akamjibu kwa swali lile lile la mama: "Na jibu yake inakwenda wapi?" Maana tuliyoyaandika yangesomwa na mtu, na huyo mtu angempimia mtoto mwingine dawa.

Asubuhi tulikwenda kwa msimamizi tukamweleza. Alikaa kimya, kisha akasema tuziondoe zote tisa na tuandike wazi sababu yake. Tulipoziondoa, mchoro ukalegea. Uhusiano ulibaki, lakini ulikuwa dhaifu kiasi kwamba hatukuweza kudai chochote kwa idadi ile ya watoto. Wa pili naye ilimbidi aondoe hesabu zake za watoto hao. Wa tatu hakuathirika sana, kwa sababu DNA hutoka katika chembe nyeupe, na hizo karibu zote ni za mtoto mwenyewe.

Tulipita wote watatu, si kwa alama za juu. Lakini kliniki ilibadili fomu yake. Swali la kuongezewa damu sasa linauliza pia kuhusu hospitali nyingine, nasi tulilitafsiri kwa Kiswahili kabla ya kuondoka. Mama wa Bukavu alielezwa vipimo vya mwanawe na daktari, mkalimani akiwa mmoja wetu. Aliuliza maswali mengi kuliko walimu wetu.

KUREJEA KAZINI

Tulirudi Desemba tukidhani yaliyo magumu yamekwisha. Mwajiri alitupokea kwa salamu nzuri na habari tatu. Kwanza, muundo wa utumishi hautambui onazi, bali unatambua shahada ya kwanza na ya uzamili tu, kwa hiyo mshahara haubadiliki. Pili, kwa kuwa likizo yetu haikuwa ya malipo, mwaka ule hauhesabiwi katika muda wa kazi. Tatu, mmoja wetu alikuwa amepitwa cheo na kijana aliyemfundisha mwenyewe kutumia darubini.

Tuliona uchungu, lakini lawama nyingine ni yetu. Tuliondoka bila kupitia chama. Kila mmoja aliandika barua yake peke yake, na kila mmoja alijibiwa peke yake kwa maneno mazuri yasiyo na ahadi. Katibu wa tawi alituuliza swali moja tu: "Mlikuwa na karatasi gani mkononi?" Hatukuwa na karatasi.

Hata hivyo tawi lililichukua shauri letu. Katibu alitoa hoja kwamba mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mapatano Namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo, na kwamba mapatano hayo yanasema muda wa likizo hiyo uhesabiwe kama muda wa kazi kwa ajili ya haki za mfanyakazi. Mwajiri alijibu kwamba likizo yetu haikuwa ya namna hiyo. Mazungumzo yalichukua miezi saba. Mpaka tunaandika haya, tumekubaliwa mwaka ule uhesabiwe katika muda wa kazi. Swali la ngazi ya mshahara bado liko mezani.

KWA WANAOTAKA KWENDA

Hatumzuii mtu. Tulikwenda tukijua kupima, tukarudi tukijua kulitilia shaka jibu la mashine, na hilo kwa mtu wa maabara ni jambo kubwa. Siku hizi kila tunapopata mtoto wa selimundu, kabla ya kupima tunauliza kwa lugha ya mzazi: ameongezewa damu lini, na wapi? Lakini tunamshauri kila mwanachama afanye haya kabla ya kupanda basi:

1. Apeleke habari kwa katibu wa tawi kabla ya kumwandikia mwajiri.

2. Adai barua inayosema kama likizo ina malipo au haina, na kama muda utahesabiwa.

3. Aulize kwa maandishi kama shahada hiyo imo katika muundo wa utumishi. Kama haimo, chama kijue mapema ili kianze kuidai.

4. Aulize chuo nani atalipa kemikali na vipimo vya utafiti, maana ada peke yake si gharama yote.

5. Ahakikishe amechanjwa homa ya ini ya aina B, na aulize utaratibu wa chuo mtu akijichoma sindano.

6. Akiombwa kazi ya ukalimani au ya usiku, aiandike tarehe na saa zake, hata kama hailipwi. Kazi isiyoandikwa haidaiwi.

Na kwa upande wa chama, tunaleta hoja mbili katika mkutano mkuu ujao. Ya kwanza, onazi na masomo mengine ya daraja hilo yaingizwe katika muundo wa utumishi wa watu wa maabara. Ya pili, hospitali zinazotegemea wafanyakazi wao kutafsiri kwa wagonjwa ziitambue kazi hiyo na kuilipa. Sampuli tisa zilitupa somo hilo, na mama mmoja wa Bukavu ndiye aliyelitoa bila malipo.

Tunaomba matawi mengine yatuandikie kama yana wanachama waliopatwa na hali kama yetu. Barua zipitie kwa makatibu wao.

Ni sisi, wafanyakazi watatu wa maabara.